Mkono wa Dirishani

Mwanzo wa yote ni masufuria. Mwanamume mwingine angeanza kumshuku mkewe kwa simu inayokatwa ghafla, au kwa gauni jipya lisilojulikana limetoka wapi. Fundi alianza siku aliporudi kazini akamkuta binti yao, ambaye alikuwa na mtihani wiki ileile, ameinamia beseni anasugua masizi, na mama mtu ameketi pembeni, mikono mapajani, kama mgeni aliyekuja kusalimia. Akauliza kulikoni. Mkewe akajibu kwamba mikono inamwasha, hataki kuitia kwenye sabuni. Fundi akaitazama ile mikono. Haikuwa na upele wala wekundu. Ilikuwa inang'aa.

Mama yake Fundi aliishi nao tangu alipofiwa na mumewe, na hakuna kilichompita katika nyumba ile. Alisubiri mkwewe aingie chumbani, ndipo akasema.

"Huyo anafua nguo za watu kutwa nzima. Sabuni ya huko haimwashi. Inamwasha ya hapa."

Fundi alimwambia mama asianze mambo yake. Lakini neno lilikuwa limekwisha kuingia, na neno la mama yake likishaingia halitoki kwa kuambiwa litoke. Usiku alikula chakula chake huku anamtazama mkewe anavyoshika kijiko.

Kazi ya kufua yeye mwenyewe ndiye aliyemtafutia. Kampuni moja ilikuwa imekodi maghala mawili ya zamani pembeni ya mji ili kutengeneza filamu ya kile kitabu cha mapenzi ambacho kila aliyepita darasani amekisoma: seremala maskini na binti wa tajiri, ambao hukutana kwenye dirisha la stoo na kushikana mikono katikati ya nondo kwa sababu hakuna kingine kinachopita. Watu wazima na akili zao walikitaja kitabu hicho kwa sauti laini. Mkewe alikuwa na nakala yake tangu shule, jalada limeng'oka, na zamani alipenda kumwambia Fundi kwamba alikubali kuolewa na seremala kwa makosa ya kitabu kile. Ulikuwa utani wao wawili.

Fundi alipewa kazi ya kujenga nyumba ya tajiri, yaani uso wa nyumba ya tajiri, maana nyuma yake hapakuwa na kitu. Mbele ukuta ulipakwa rangi mpaka ukaonekana marumaru tupu. Ukizunguka unakuta plaiwudi na miti ya kuegemeza. Mambo ya humo yalimchekesha. Harusi ilipigwa picha kabla wachumba hawajaonana. Baba wa binti alizikwa asubuhi, mchana akapanga foleni ya chakula na watu wengine. Mkewe, huko upande wa mavazi, alikuwa anafua na kupiga pasi nguo mpya kabisa, kisha anazichovya kwenye chai ili zionekane zimechakaa. Mwanzoni walirudi pamoja kwa miguu, wakisimuliana upuuzi huo na kucheka njia nzima. Kisha mkewe akaanza kuchelewa.

Baada ya masufuria ikafuata pete. Fundi aliona mahali pake pamebaki alama kwenye kidole, akauliza, akaambiwa inakwaruza nguo za hariri, imo kabatini. Kweli ilikuwamo kabatini, alikwenda kuangalia. Yakafuata marashi, na hayakuwa yale ya kujipulizia shingoni. Ilikuwa harufu tamu nzito iliyokaa mikononi tu, tangu vidole hadi kiwiko. Halafu likaja la glavu. Mwanamke aliyelala naye kitanda kimoja tangu ujana wao alijipaka mafuta, akavaa glavu nyeupe za pamba, akageukia ukuta. Fundi alibaki macho wazi anaitazama dari.

Alipouliza mafuta yametoka wapi, aliambiwa kazini. Kapewa na nani? Na watu wa kazini. Akanyamaza, kwa kuwa alijiona anakaribia swali ambalo jibu lake hakutaka kulisikia. Mama yake hakuwa na shida hiyo.

"Nimekaa na mume mpaka namzika," alisema asubuhi, kwa sauti ya kutosha kufika jikoni. "Sijawahi hata siku moja kumvalia glavu."

Jikoni kijiko kilianguka.

Katika siku hizohizo kibanzi kilimwingia Fundi kiganjani, chini ya kidole gumba, alipokuwa analazimisha fremu ya lile dirisha la stoo ikae mahali pake. Kikakatikia ndani. Zamani jambo hilo lilikuwa na utaratibu wake: mkewe huipitisha sindano motoni, huuweka mkono wa mumewe juu ya goti lake, na kabla ya kuchokonoa huzungusha ncha ya kidole taratibu kulizunguka jeraha, mara moja, mara ya pili, mpaka ajue kibanzi kimelalia upande gani. Jioni ile alikuja na sindano tayari. Fundi akaukunja mkono.

"Acha," alisema. "Usije ukaharibu hiyo mikono yako."

Mkewe alisimama kidogo na sindano yake. Kisha akaichomeka kwenye pazia la dirisha, akaenda kuvaa glavu.

Alhamisi msimamizi alimtuma Fundi kwenye hema la vipodozi, akaifunge miguu ya meza iliyokuwa inacheza. Bwana wa hema hilo waliyemwita Poda alikuwa mtu nadhifu, msemaji wa pole pole, mwenye shati lililonyooka mpaka Fundi akajiuliza limepitiwa na pasi ya nani. Mlango wa hema ulikuwa haujafungwa sawasawa. Fundi akachungulia ili abishe hodi, na hodi ikamfia kooni.

Mkewe alikuwa ameketi goti kwa goti na Poda. Mkono wake ulikuwa umelala kiganjani mwa yule bwana, na yule bwana alikuwa anaupaka kwa brashi ndogo, kidole baada ya kidole, akipuliza kila anapomaliza. Mkewe alikuwa amefumba macho. Fundi hakukumbuka ni lini aliwahi kumwona ametulia namna ile kwenye nyumba yao wenyewe.

Poda aliinua uso, akaona kivuli mlangoni. "Fundi, rudi baadaye," alisema kwa upole. "Sasa hivi hapa hapaingiwi." Akanyoosha mkono, akafunga zipu.

Fundi alisimama nje na nyundo yake. Vijana wa taa walikuwa wanapita. Mmoja akamuuliza kama amefukuzwa, akajibu kwamba amesahau misumari. Alitaka kuipasua ile zipu, na alijua hataipasua, kwa sababu kazi ilikuwa bado haijaisha na kwa sababu aliogopa kumkuta mkewe bado amefumba macho.

Jioni alimuuliza, kama mtu anayeuliza habari ya mvua, alikuwa wapi mchana.

"Kwenye nguo," mkewe alisema, bila kumtazama. "Ningekuwa wapi tena."

Basi. Fundi alitoka uani akampigia simu shemeji yake, kaka mkubwa wa mkewe, mlinzi wa ghala la saruji na mtu asiyependa maneno mengi. Alimwomba aje Jumapili kuna jambo la kuzungumza. Shemeji akauliza kama aje kuzungumza au aje kumchukua dada yake. Fundi akasema hilo litajulikana Jumapili.

Ijumaa ilileta jambo ambalo hakulitarajia. Mwongozaji wa filamu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, ambaye kwa kelele zake za kusimamisha kamera watu walimwita Mama Kata. Siku hiyo walitakiwa kupiga picha ya dirisha la stoo, ile ambayo wasomaji wote wangeisubiri. Kijana aliyeigiza seremala alipopitisha mkono kwenye nondo, Mama Kata akaguna. Mkono ulikuwa laini, kucha zimesuguliwa. Alisema kitabuni imeandikwa wazi kwamba kiganja cha yule seremala ni ubao usiopigwa randa, na watu wanakijua kitabu kuliko wanavyojua sala. Wakiona mkono ule watacheka, na wakicheka hapo filamu imekufa.

Akatoka akaenda karakana. Mafundi walipangwa mstari wakaambiwa watoe mikono, wakaitoa huku wanataniana kwamba labda kuna kipande cha sabuni kimeibiwa. Mama Kata alipita akigeuzageuza viganja vya watu kama anayechagua viazi. Alipofika kwa Fundi akasimama. Akaugeuza mkono wake mara mbili, akagusa ukucha wa gumba uliopasuka, akasema huu hapa.

Walimvisha shati kuukuu lililonuka chai, wakamsimamisha nyuma ya ukuta alioujenga mwenyewe. Kila upande palitundikwa nguo nyeusi nzito, ili mwanga usivuje, walisema, na kamera ione mikono tu. Alikatazwa kuchungulia. Kazi yake ni kupitisha mkono kwenye nondo, na mkono wa upande wa pili ukija aushike. Hakuuliza ni wa nani. Upande wa pili wa dirisha lile, kitabuni, yuko binti wa tajiri, na binti wa tajiri katika filamu hii ni Nyota, yule yule ambaye picha yake imebandikwa kwenye bango kubwa la barabarani akitangaza mafuta ya mikono. Fundi aliufuta mkono kwenye suruali, akaufuta tena.

Ukaja mkono. Ulikuwa mwembamba, mkavu, hauna alama hata moja, na chini ya taa ya mshumaa ulionekana kitu cha kuwekwa kabatini. Fundi aliushika kama anavyoshika patasi. Mama Kata akasimamisha. Akamwambia kwamba hilo si bomba la maji. Huyu ni mtu anayeogopa kumpoteza, kesho anaozeshwa kwa mwingine, na hii mikono ndiyo yote aliyonayo. Afanye hivyo.

Akafanya hivyo. Hakujua kama anaigiza. Aliufunika mkono ule kwa vidole vyake taratibu, akapitisha gumba juu ya vifundo, kimoja kimoja, na mawazo yote ya nyumbani yakamtoka, masufuria na Poda na kikao cha Jumapili. Alipohisi ngozi yake inakwaruza ile ya mwenzake aliona aibu. Sauti ilikuwa hairekodiwi, walikwisha kumwambia, basi akasogeza mdomo karibu na plaiwudi, akanong'ona.

"Samahani, dada. Mikono yangu migumu."

Mkono wa upande wa pili ulitulia. Ulikaa hivyo kwa muda, kana kwamba mwenyewe anafikiri. Halafu kidole kimoja kikateremka kiganjani mwake, kikazunguka taratibu chini ya gumba, mara moja, mara ya pili, kikaondoka. Mama Kata akapiga kelele ya furaha. Alisema hilo halimo kitabuni na halitatoka kwenye filamu hata aje mwandishi mwenyewe kulikataa.

Fundi alipelekwa nje kwa mlango wa nyuma, akashukuriwa, akaambiwa hilo la mkono abaki nalo mwenyewe. Jioni alipita chini ya lile bango. Alisimama akaitazama mikono ya Nyota iliyoshika chupa ya mafuta, akaitazama kwa macho ya mtu anayejuana nayo. Nyumbani hakunawa mkono wa kulia mpaka chakula kilipoiva. Alikuwa anaimba chini chini. Mama yake alifurahi, akidhani mwanawe amekata shauri.

Na kweli alikuwa amekata shauri. Tuseme jambo hili lilivyo: furaha ile haikumlainisha hata kidogo, ilimpa kiburi. Mwanamume aliyeshikwa mkono na Nyota hawezi kudharauliwa na mwanamke wa kufua. Mkewe alirudi kwa kuchelewa, akamtazama kwa muda mrefu kutoka mlangoni kana kwamba anangoja aambiwe kitu. Fundi akageuza kichwa.

Jumapili shemeji alikuja amevaa viatu vilivyong'arishwa. Binti alitumwa kwa jirani, akaenda akijikokota. Wakaketi wanne pale sebuleni: mama kwenye kiti chake, shemeji karibu na mlango, mkewe kwenye kigoda, na Fundi katikati, amejiandaa.

Alisema yote, na alisema vizuri. Alianza na masufuria, akapitia pete na marashi, akasimulia glavu huku mama yake anaitikia kwa kichwa, akamalizia na hema la Poda, zipu na yote. Alieleza alivyodanganywa jioni ileile kwamba alikuwa kwenye nguo. Alisema yeye si mtu wa fujo, hajawahi kumwinulia mkewe mkono, lakini hawezi kula chakula cha nyumba moja na mtu asiyemjua. Alijisikia mwenye haki mpaka machozi yakamlengalenga.

Shemeji alimgeukia dada yake, akamuuliza kama ni kweli.

"Vitu alivyoviona ni kweli," mkewe alisema. "Poda ananipaka mikono, ni kazi. Kazi yenyewe niliapa nisiseme mpaka filamu itoke. Nikisema nimevunja ahadi, na wenzangu watanilaumu."

Mama akacheka kwa pua. Akasema dunia imeharibika kweli, siku hizi kushikwashikwa nako kuna ahadi. Shemeji akamwomba mama awe na subira, lakini yeye mwenyewe alikuwa amekunja uso. Alimwambia dada yake kwamba kwa maneno hayo hawezi kumtetea; kama hana jingine, basi afungashe.

Mkewe aliinuka. Fundi alidhani anakwenda kufungasha, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akaogopa. Lakini hakwenda chumbani. Alikwenda dirishani, akachomoa sindano kwenye pazia, akawasha kiberiti na kuipitisha motoni. Akarudi na kigoda chake, akakiweka mbele ya mumewe.

"Kabla sijaondoka," alisema, "lete mkono. Hicho kibanzi kitaoza."

Mbele ya shemeji Fundi hakuweza kukataa bila kuonekana mtoto. Akautoa. Mkewe akauweka juu ya goti lake, akauinamia, na ncha ya kidole ikateremka kiganjani, ikazunguka taratibu chini ya gumba, mara moja, mara ya pili.

Fundi akaacha kupumua.

Sindano iliingia. Akashtuka, akavuta mkono, na mkewe akaushikilia palepale, akasema kwa sauti ya chini, bila kuinua uso:

"Samahani, kaka. Mikono yangu migumu."

"Tangu lini amekuwa kaka yako?" mama yake Fundi akauliza.

Fundi alikuwa anautazama ule mkono wa mkewe. Leo haukupakwa kitu. Juu yake, karibu na kifundo, palikuwa na ile alama ya kuungua na pasi mwaka waliozaa, ambayo yeye mwenyewe alikwenda kununua dawa yake. Alama ndogo sana, inafunikwa na poda kidogo tu. Pete haikuwapo, kwa sababu binti wa tajiri hajaolewa. Mafuta, glavu, masufuria, vyote vikajipanga. Nyota anatangaza mafuta ya mikono, na kama mikono yake mwenyewe imeharibika, ni nani angeruhusiwa kusema? Walitafuta mingine, wakaipata kwenye beseni la kufulia. Wakaiondoa kwenye sabuni, wakailainisha wiki hadi wiki, wakaitia poda, wakaipitisha kwenye nondo.

Na yeye alikuwa ameishika. Aliishika vile, kwa upole ule wote, akaiomba msamaha. Hakuijua.

Kibanzi kilitoka, cheusi, kirefu kuliko alivyodhani. Mkewe akakiweka juu ya ukucha, akakitazama.

"Mimi nilikujua ulipotoa mkono tu," alisema taratibu, kwa ajili yake peke yake. "Nikasema akirudi nyumbani atacheka, ataniambia. Nikasubiri Ijumaa, nikasubiri Jumamosi. Wewe siku ile ulimshika nani?"

Fundi akakitazama kibanzi naye.

Shemeji aliwatazama, mmoja baada ya mwingine, akaona kuna jambo limepita mbele yake bila kubisha hodi. Alikuwa mtu wa kumaliza mambo. Akakohoa, akamuuliza Fundi mbele ya mama yake: baada ya hayo yote, dada yake ana kosa, au hana? Kuna shtaka hapa, au hakuna?

"Hakuna, shemeji," Fundi alisema. "Sina shtaka."

Mama yake akageuka kumtazama kama aliyepigwa. Shemeji akashusha pumzi, akaweka mikono magotini ili ainuke.

"Kaa, kaka," mkewe akasema, sindano ingali mkononi. "Mimi ninalo."